Karatasi na Siku: Maneno Machache juu ya Haki Zetu Mbele ya Sheria

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kariandusi)



Kamati iliniagiza niseme maneno machache juu ya sheria, na jinsi mtu wa kawaida awezavyo kujisaidia apatwapo na shauri. Nililipokea agizo hilo kwa furaha na kwa hofu pia. Furaha, kwa kuwa hapana jambo liulizwalo katika ofisi ya Chama kuliko hili. Hofu, kwa kuwa mimi ni karani tu, si wakili, nayo sheria ni msitu mkubwa. Basi sitajaribu kuwatembeza katika msitu wote. Nitasema jambo moja, kisha nitalionyesha katika kazi, ardhi, urithi, polisi na madeni, ambayo ndiyo yatusumbuayo hapa kwetu.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wetu hudhani kwamba haki ya mtu hupotea mahakamani, mbele ya hakimu, kwa sababu ya ujanja wa mawakili au uzito wa mfuko wa tajiri. Yako mashauri ya namna hiyo, sikatai. Lakini mara nyingi zaidi haki huwa imekwisha kupotea kabla mwenyewe hajaukaribia mlango wa mahakama. Ama alitia kidole katika karatasi asiyoielewa, ama hakuidai karatasi iliyopasa kuandikwa, ama aliziacha siku zilizowekwa na sheria zikapita huku akingoja ahadi. Karatasi na siku: hivyo viwili ndivyo vinavyotushinda.

Bonde hili tunalokaa, tokea Naivasha kupita Elmenteita hata Nakuru, lina habari yake katika jambo hilo, na baadhi ya wazee waliopo hapa waliisikia kwa baba zao. Mwaka 1904 Wamaasai waliokuwa wakichunga hapa waliwekeana mapatano na Serikali ya Kiingereza. Laibon Olonana na wenzake walitia alama zao katika karatasi, na kwa karatasi hiyo wakaondoka bondeni, wengine wakaenda Laikipia na wengine kusini, ili walowezi wapewe malisho yaliyo karibu na reli. Karatasi iliahidi kwamba nchi waliyopewa itakuwa yao muda wote Wamaasai watakapokuwapo duniani. Haikutimia miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakatakiwa kuhama tena.

Ndipo Ole Njogo na wenzake walipofanya jambo lililoshangaza wengi siku zile: walitafuta mawakili wakaishtaki Serikali. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ilikataa kukisikiliza kiini cha shauri lao, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Majaji walisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa, na kwamba mahakama za nchi hazina uwezo wa kuhukumu mikataba ya namna hiyo. Basi Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa kamili wakati wa kutia alama, na walipokuja kudai wakaambiwa kwamba kwa sababu hiyohiyo hapana mlango wa kubisha.

Hayo siyasemi ili kuchochea chuki ya zamani. Nayasema ili vijana wasimcheke mzee anayesita aonapo karatasi yenye mhuri. Mzee huyo ametoka katika nchi ambayo Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi kufanya kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Alishitakiwa katika Mahakama za Kiafrika ambamo wakili hakuruhusiwa kusimama, na mahakama hizo hazikuondolewa mpaka sheria mpya ya mwaka 1967. Mtu aliyelelewa hivyo huiona sheria kuwa kitu cha mwenye nchi, si chake.

Lakini mambo yamebadilika, na ni juu yetu kuyajua mabadiliko hayo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 husema katika kifungu cha 48 kwamba Serikali sharti imwezeshe kila mtu kuifikia haki, na kwamba ada ikiwapo iwe ya kadiri, isimzuie mtu. Kifungu cha 159 huziagiza mahakama zitende haki bila kushikilia mno ufundi wa taratibu. Maneno hayo ni mazuri. Walakini Katiba haiwezi kumfuata mtu nyumbani ikamwambia leo ni siku ya mwisho.

Sasa nije katika kazi. Wengi wetu hapa hula kwa mkono: katika machimbo ya udongo mweupe wa dayatomaiti, katika mchanga na mawe ya kujengea, katika mashamba ya ng'ombe, na katika mashamba ya maua upande wa Naivasha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 husema kwamba kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika, si wa mfanyakazi. Asipouandika, kisha mfikishane mahakamani mkibishana juu ya mshahara au masharti, mzigo wa kukanusha humwangukia yeye. Na yule aitwaye kibarua, aliyelipwa kwa siku lakini akafanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na likizo kama wenzake. Hapa pana watu waliovunja mawe kwa mwajiri mmoja miaka 5 nao wangali wakijiita vibarua.

Kabla mwajiri hajamfukuza mtu kwa kosa, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe, na amsikilize. Akipunguza watu kwa kuwa kazi imekwisha, sharti atoe notisi ya mwezi mmoja, pia amjulishe Afisa wa Kazi, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kufukuzwa isivyo haki kunaweza kumletea mtu fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

Hayo wengi wameyasikia. Wasilolisikia ni habari ya karatasi ya mwisho. Mtu akiachishwa kazi huitwa ofisini, hupewa fedha kidogo katika bahasha, na huwekewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba amepokea malipo yake yote na kwamba hana dai lolote tena juu ya mwajiri wake. Yeye huona fedha, haoni maneno. Hutia sahihi, huenda zake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilimfungia mlango mfanyakazi aliyetia sahihi karatasi ya namna hiyo. Ilisema kwamba yalikuwa mapatano ya hiari baina ya watu wazima, na kwamba mahakama haitayavunja ila ionyeshwe kwamba palikuwa na udanganyifu, kosa, au shuruti. Uamuzi huo ni mkali, lakini ndio sheria. Mtu akiwekewa karatasi hiyo na aombe nakala, aende akasomewe na mtu amwaminiye, arudi kesho. Fedha ambayo ni haki yake haitakimbia kwa usiku mmoja. Ikiwa ameshurutishwa kutia sahihi palepale, na aandike kwa mkono wake kando ya sahihi kwamba amepokea kiasi kadha na kwamba hakubali kuwa ndicho chote.

Kisha siku. Dai la kazi huisha miaka 3 tangu siku jambo lilipotendeka, na mahakama haina uwezo wa kuongeza hata siku moja. Nalisisitiza hili kwa sababu moja: mazungumzo hayasimamishi saa. Mwajiri aweza kukuandikia barua njema miaka 2 na miezi 11, akikuahidi kwamba mambo yako yanatazamwa, naye anahesabu. Zungumza naye, ndiyo, lakini tia alama katika kalenda, na kabla ya siku hiyo shauri liwe limefunguliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Nakuru pia.

Na aumiaye kazini ana muda mfupi zaidi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka 2007 pia, humtaka adai ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri, akiisha kuarifiwa, sharti apeleke habari kwa Mkurugenzi wa Usalama Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 ikiwa mtu amekufa. Basi aliyeangukiwa na jiwe asiridhike na kuambiwa, “Nenda hospitali, tutaonana.” Habari iandikwe siku ileile, na nakala ibaki kwake. Sheria hiyo huwafikia pia waliopata ugonjwa kwa sababu ya kazi yao, wala si waliovunjika mfupa tu. Wafanyao kazi penye vumbi na wazitunze karatasi zao za hospitali tangu siku ya kwanza ya kikohozi.

Juu ya ardhi nitakaa kidogo, maana hapo ndipo watu wanapopoteza jasho la maisha yote.

Siku hizi ploti huuzwa kwa haraka kama mahindi mabichi. Mtu huonyeshwa kipande, huambiwa wanunuzi wengine wako njiani kutoka Nairobi, hutuma fedha kwa simu, na huandikiwa mapatano katika karatasi ya daftari. Hata karatasi hiyo ya daftari ina kazi yake: sheria ya mikataba husema kwamba mapatano ya kuuza ardhi ambayo hayakuandikwa, na kutiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi, hayawezi kushitakiwa. Lakini karatasi hiyo haitoshi. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni, omba upekuzi rasmi katika rejista ya ardhi, ule ambao watu wengi huuita sachi, ujue jina lililoandikwa ni la nani, na kama ardhi imewekwa rehani au imezuiwa na mahakama. Kisha uende kwenye ardhi yenyewe uwaulize majirani. Rejista haitakuambia kwamba yuko mama mzee aliyezika mume wake pale.

Wengi hudhani kwamba hati ya kumiliki ikiisha kuwa mkononi hapana wa kuuliza zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema vingine, katika shauri la ardhi ya pwani ya Mombasa: hati iliyotokana na mgao usio halali haimkingi hata aliyeinunua baadaye, naye sharti aonyeshe kwamba shina lake lilikuwa safi. Basi uliza hati ilitoka wapi. Na katika wilaya zetu hizi, ambamo mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika kisha yakagawanywa kwa wanachama, swali hilo lina uzito wa pekee. Cheti cha hisa cha baba yako si hati ya ardhi. Ni ushahidi mzuri, nacho kitunzwe kama dhahabu, lakini mpaka jina liingie katika rejista, mtu mwingine aweza kuingizwa mahali pako.

Ardhi ikiwa ya kilimo, iko Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Mapatano ya kuiuza au kuigawa bila idhini ya Bodi ni batili, na ombi sharti lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano kufanyika. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2014 yako mashauri ambamo Mahakama ya Rufaa iliwaokoa wanunuzi waliokwisha kulipa na kukaa juu ya ardhi ingawa idhini haikupatikana. Lakini mashauri hayo yalichukua miaka mingi na gharama kubwa. Aliyekwenda mbele ya Bodi kwa wakati hakuwa na haja ya kuokolewa. Na muuzaji akiwa na mke, au akiwa mke mwenye mume, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenziwe. Mnunuzi anayemficha mke wa muuzaji hununua kesi.

Juu ya mipaka nitasema neno moja, kwa kuwa mwaka huu tumeona ugomvi mwingi wa miti iliyong'olewa. Usikimbilie mahakamani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huizuia mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajauamua mpaka huo. Peleka ombi kwa Msajili; atakuja pamoja na mpima, na jirani yako ataitwa.

Wazee wangu mnisamehe nikigusa habari ya kifo. Si desturi yetu kuzungumza juu ya mali ya mtu angali hai, lakini ukimya huo ndio uliojaza majalada ya mirathi katika mahakama za Nakuru na Naivasha. Sheria ya Urithi, ambayo imetumika tangu tarehe 1 Julai 1981, husema kwamba mtu akifa hapana mwenye ruhusa ya kuigusa mali yake, wala kuiuza, wala kuigawa, mpaka mahakama itoe kibali cha usimamizi. Kaka wa marehemu auzaye ng'ombe wa yatima, au amfukuzaye mjane nyumbani, si mlinzi wa ukoo. Ni mtu aliyetenda kosa la jinai, awezaye kupigwa faini au kufungwa.

Mjane apate barua ya chifu ionyeshayo warithi wote, na cheti cha kifo, kisha aombe kibali mahakamani. Mali ikiwa ndogo, hakimu aweza kulisikiliza ombi hilo, hapana haja ya kwenda Mahakama Kuu. Kibali kikitolewa, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla hakijathibitishwa na mali kugawanywa. Katika orodha ya warithi, mabinti waandikwe, walioolewa na wasioolewa. Najua baadhi yetu hawalipendi neno hili. Lakini sheria husema watoto, haisemi wavulana, na kibali kilichopatikana kwa kumficha mtoto chaweza kubatilishwa hata baada ya miaka 10, wakati nyumba zimekwisha kujengwa. Kwa mzee mwenye nyumba zaidi ya moja asiyeacha wosia, mali hugawanywa kwanza kati ya nyumba, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa kuwa mtu mmoja zaidi. Mzee asiyeutaka mgawanyo huo na aandike wosia wakati akili zake ni timamu, mbele ya mashahidi 2 wasio warithi. Wosia wa mdomo hukubaliwa, ila tu kama ulisemwa mbele ya mashahidi 2 na mwenyewe akafa ndani ya miezi 3. Kauli iliyotolewa penye pombe mwaka juzi si wosia.

Kuhusu polisi sitakawia. Akamatwaye ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha aijuayo, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Sharti afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au zikiisha nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, basi kabla ya mwisho wa siku ya mahakama ifuatayo. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda akalala mpaka Jumatatu bila sheria kuvunjwa, na jamaa zake wasipoteze nguvu kugombana na askari wa zamu. Dhamana ya ahadi hailipiwi hata senti. Dhamana ya fedha hupewa risiti, na fedha hurudishwa shauri likiisha. Palipo na fedha bila risiti, hapo hapana dhamana. Ukienda kushitaki, usiondoke bila namba ya OB. Na deni la kawaida si kosa la jinai: askari hana kazi ya kumdai mtu fedha za duka, ingawa wako watu wanaomtumia kwa kazi hiyo.

Afanyeje basi anayedai? Hapa ndipo palipo na habari njema kuliko zote nilizonazo leo, nayo haijafika vijijini. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, na Nakuru iko. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000: bidhaa zilizouzwa zisilipwe, kazi iliyofanywa isilipwe, fedha zilizokopeshwa, mali iliyoharibiwa, majeraha ya ajali. Sheria huitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Mtu husimama mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi. Ushahidi wa malipo ya simu hufaa sana. Basi usifute ujumbe wa M-Pesa, na usibadilishe simu kabla hujazitoa nakala. Fundi aliyejenga zizi asilipwe shilingi 40,000, au mama aliyepeleka maziwa hotelini miezi 4 kwa daftari, hawa ndio mahakama hiyo ilifanyiwa. Haisikilizi ugomvi wa umiliki wa ardhi, wala mambo ya kazi, wala matusi na kuvunjiana heshima. Dai la mkataba lina miaka 6, la ajali miaka 3, lakini ukiishtaki Serikali kwa ajali ni miezi 12 tu.

Na ukishitakiwa wewe? Hapo kosa letu kubwa ni kuificha hati ya wito chini ya godoro. Huwa tunadhani kwamba tusipokwenda hapana kesi. Kesi ipo, itasikilizwa bila wewe, hukumu itatolewa kwa maneno ya upande mmoja, na utamwona dalali na lori lake. Jibu ndani ya siku zilizoandikwa katika hati yenyewe, hata kama ni kukiri deni na kuomba kulipa kidogo kidogo.

Waliopanga maduka nao wajue kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kutia kufuli yake mlangoni siku atakayo. Mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi hulindwa na sheria, naye sharti apewe notisi ya miezi 2 kwa fomu iliyowekwa, na aweza kuipinga katika Baraza la Kodi za Biashara.

Nimebakiza jambo la wazee wenyewe, na hapa nataka nieleweke vizuri. Katiba huziheshimu njia za kale za upatanisho, na mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya kuzitia nguvu. Kwa deni la jirani, kwa mbuzi walioingia shambani, kwa ugomvi wa ndugu wawili juu ya kisima, baraza la wazee ni bora kuliko mahakama. Huisha kwa siku moja, hugharimu chai, na watu hubaki wakisalimiana. Ombi langu ni moja, kwamba mapatano yaandikwe na pande zote zitie sahihi, ili mwakani asije mtu akasema hapakuwa na neno.

Lakini Katiba hiyohiyo husema kwamba njia za kale zisivunje haki za mtu. Mtoto akinajisiwa, hilo si shauri la mbuzi. Baba akubali asikubali, mshitakiwa awe ni jamaa au si jamaa, wazee hawana mamlaka ya kulimaliza. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hata wazazi hawawezi kuiondoa kesi, uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mtoto apelekwe hospitali upesi kabla hajaoshwa, na nguo zake zitunzwe katika mfuko wa karatasi. Mzee anayeketi kupokea faini katika jambo hilo asidhani kwamba analinda jina la ukoo. Anamwambia yule mtoto kwamba bei yake ni mbuzi.

Juu ya mawakili: wengi ni watu waaminifu, na shauri la ardhi au la mauaji halifai kwenda bila wao. Lakini kwenye lango la kila mahakama hukaa vijana wenye mikoba wajiitao mawakili. Wakili wa kweli ana cheti cha kila mwaka, na jina lake laweza kutafutwa katika orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya kwa simu yako mwenyewe. Mwombe risiti kwa kila shilingi, na mwandikiane tangu mwanzo kiasi cha malipo. Asiye na uwezo aweza kuomba msaada wa Serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia maskini katika ardhi, nyumba na kazi. Na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, huwasaidia akina mama na watoto tangu mwaka 1985. Katika mashitaka ya jinai, ikiwa dhuluma kubwa yaweza kutokea kwa kukosa wakili, mshitakiwa ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali, na asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo. Haki hizo sharti aziombe kwa sauti siku ya kwanza anaposimama kizimbani.

Anayetaka msaada wa ofisi ya Chama katika kuandika barua au kujaza fomu, na aje na karatasi zote alizo nazo, hata zile anazodhani hazina maana, pamoja na tarehe ya jambo lenyewe kwa kadiri aikumbukavyo. Aje na mtu wa pili wa nyumbani kwake awe shahidi wa yaliyosemwa. Hati halisi za ardhi zisiachwe ofisini. Tutatoa nakala na kuzirudisha mikononi mwake saa ileile. Waliofukuzwa kazi au kuumia kazini ndio watakaosikilizwa kwanza kila Jumamosi, kwa kuwa siku zao ni chache kuliko za wengine.